Mzegazega wa Zuurakan

Mambo yaliharibika siku ya Jumatano, tarehe kumi na nne Oktoba mwaka 2009, saa tano asubuhi, mkuu wa wilaya alipokuja kijijini Kyzyl-Arpa kufungua bomba la maji.

Alikuja na magari matatu, kofia ya manyoya na mkasi wa kukatia utepe. Watu walikuwa wamesimama kwenye baridi tangu saa mbili wakimngoja, maana mkubwa hachelewi, ni wewe uliyewahi. Akapanda kwenye jiwe, akasema maneno mengi juu ya serikali, halafu akainua mkono: "Kuanzia leo hakuna mama wa Kyzyl-Arpa atakayebeba maji begani! Migongo ya mama zetu imepumzika!"

Makofi yakalia. Na katika wale waliopiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwamo Mamasaly, dereva wa trekta la shamba la ushirika, shamba lililokufa zamani na trekta lake. Alikuwa na miaka sitini na mmoja na hajawahi kusema neno mbele ya watu. Siku hiyo sijui shetani gani alimpanda kichwani. Alikimbia nyumbani, akarudi na shoka mkono huu na mzegazega wa mkewe Zuurakan mkono huu.

Ulikuwa mti wa kubebea maji begani, wa mbetula, uliopinda kama upinde, wenye kulabu mbili za chuma za kutundikia ndoo. Zuurakan aliletewa na mama yake siku alipoolewa, na mama yake naye aliubeba miaka yote kabla ya hapo. Katikati palikuwa pamelika, pana bonde laini lililochongwa na shingo za wanawake wawili. Mamasaly akaulaza juu ya saruji mpya ya bomba, akaupasua mara moja. Watu wakashangilia. Mkuu wa wilaya akamwekea mkono begani, mwenye kamera akapiga picha, na picha ikatoka kwenye gazeti la wilaya.

Zuurakan alikuwa kati ya wanawake. Alipeleka tu mkono nyuma ya shingo, kama mtu anayetafuta kitambaa kilichomdondoka.

Nyumbani ndipo aliposema. "Ulikuwa wa mama."

"Mama yako angefurahi leo."

"Sijui, baba Kubat. Hukumuuliza. Wala mimi hukuniuliza."

Mamasaly akacheka, akavitia vipande viwili kwenye jiko. Chai ya mchana ule ilichemka juu ya mti ule, na wote wakainywa, naye Zuurakan akainywa.

Wiki hiyo hiyo mwana wao Kubat alikuwa ameleta mke, msichana mrefu mwenye aibu aitwaye Begaiym. Na Kyzyl-Arpa ilivyo, bibi harusi akishaingia ndani, mama mkwe mikono yake inatoka kwenye ndoo. Anakalishwa mahali pa heshima, mkabala na mlango, magodoro mawili chini yake na mto mgongoni, na kila kitu kinaletwa. Mama mkwe akionekana nje na ndoo, watu hawamuulizi yeye, wanauliza yule msichana ametoka kwa watu gani.

Kwa hiyo Zuurakan akakaa. Mwanamke aliyepanda chemchemini mara tatu kwa siku kwa miaka thelathini na tisa, theluji na jua, na mimba tumboni na mtoto mgongoni, akakaa. Siku za mwanzo alikuwa akiinuka bila kujua, miguu ikienda yenyewe mlangoni, na Mamasaly akimshika mabega akimrudisha chini kwa upole.

"Kaa, mama Kubat. Umefanya kazi ya kutosha. Kaa ule."

Akala. Mkate na malai, jamu ya aprikoti kavu, pipi ambazo kila mgeni alileta kwa heshima yake. Akanenepa, akawa mweupe, na majirani wakamsifu Mamasaly kwamba anamtunza mke wake kama mke wa waziri.

Bomba lilikauka msimu wa tatu wa baridi. Liliganda, likapasuka chini ya ardhi, na hakuna aliyekuja kulitazama. Mamasaly aliandika barua wilayani, akaandika nyingine, mkono wake ule wa darasa la nne ukichora herufi moja moja. Akaenda mwenyewe, akangojeshwa kwenye benchi kutwa nzima, akaambiwa kwenye karatasi zao Kyzyl-Arpa ina maji. Ukisema hakuna maji unabishana na karatasi. Watu wakaanza kuteka mtoni kwa mikokoteni, na Begaiym akawa mmoja wao. Kubat alikuwa ameshakwenda Urusi kufanya kazi ya ujenzi. Zuurakan alibaki kwenye magodoro yake mawili.

Mwaka wa tano wakamwambia ana kisukari. Mwaka wa saba akatia chakula cha kuku kwenye supu, akaionja, akasema imekosa chumvi. Mwaka wa tisa akaanza kuuliza mama yake amekwenda wapi. Na mwaka wa kumi akamtazama mumewe asubuhi moja, akajifunga vizuri kitambaa kichwani kama mwanamke anayeingia ofisini, akasema:

"Bwana mkuu, karibu. Nina shida moja."

Mamasaly aligeuka kutazama nani ameingia. Hakukuwa na mtu.

"Naomba unirudishie mti wangu, bwana mkuu. Nitakwenda mara moja tu, nirudi."

"Zuurakan. Ni mimi. Mumeo."

Akacheka kwa adabu, kile kicheko mtu anachompa mkubwa aliyefanya mzaha. "Mume wangu yuko kwenye trekta, bwana mkuu. Angekuwepo siku ile, asingekubali."

Miaka miwili alimwomba hivyo, karibu kila siku, bila kukasirika. Siku ya mwisho alimshika mkono, naye Mamasaly akainama karibu, akifikiri sasa amemjua. "Bwana mkuu," akanong'ona, "ndoo zinangoja." Akafa mwezi wa pili, ardhi ngumu kama chuma, wachimba kaburi wakawasha moto juu yake kwanza ili ilainike.

Nguo zake waligawiwa wanawake waliomuosha, kama ilivyo desturi. Kitu kimoja Mamasaly alikificha: viatu vyake vya mpira, vile vyeusi vya kuvalia juu ya soksi za ngozi. Cha kushoto kilikuwa na kiraka chini ya kisigino, chekundu, umbo la jani, alichokibandika Zuurakan mwenyewe kwa mpira wa ndani wa tairi la trekta. Akavisukuma nyuma ya magunia ya unga.

Baada ya arobaini akaja daktari kutoka mjini, mwanamke kijana, Cholpon jina lake, na mashine ya kupima sukari. Ndivyo wakubwa walivyo: bomba huleta bila maji, na daktari baada ya mazishi. Wazee walijazana kwenye chumba cha zahanati, wakatobolewa vidole, kisha daktari akawasimulia.

"Mguu ukipanda mlima," alisema, "msuli haujifanyii kazi peke yake. Unamwaga vitu kwenye damu, na vingine vinafika kichwani, vinausaidia ubongo kujitengeneza. Halafu msuli unaofanya kazi unakula sukari. Mtu akikaa kutwa, sukari inabaki inazunguka, mwili unaizoea mpaka milango inakuwa mizito. Ubongo unaweza kushinda na njaa, na sukari imejaa nje ya mlango."

Mamasaly, nyuma kabisa, aliiona nyumba. Aliona mtu ndani anagonga kwa njaa, na nje mikate imepangwa mpaka darini. Aliinuka na kofia yake mkononi.

"Kwa hiyo kutembea kunazuia kusahau?"

"Huenda kunakinga, baba. Huenda. Wanaotembea sana, wanaobeba vitu, ugonjwa huu unaonekana kuwapata kidogo kuliko wanaokaa. Lakini wapo waliotembea maisha yao yote na bado wakasahau."

"Huenda ni ngapi?"

"Samahani, baba?"

"Mimi nilikuwa dereva. Mafuta tunapima kwa lita. Hiyo huenda yako mnaipima kwa nini?"

Vikongwe wakacheka. Daktari hakucheka. "Ndiyo tunayoihangaikia," akasema. "Bado hatujaipata."

Mamasaly akakaa. Lakini hakuwa na raha tena. Maana alikuwa na jambo ambalo hajamwambia mtu: wiki ile alisimama uani, mkono kwenye kamba ya mbuzi, na hakujua alikuwa anamfunga au anamfungua.

Kesho yake akakata mti wa mbetula, akauchonga siku nne, akautia kulabu, akatundika ndoo mbili, akashika njia ya chemchemi. Njia ile ilikuwa imeota nyasi. Alipumzika mara nne kabla ya kufika, maji yakamwagikia mapajani njia nzima. Kilimani hapo akakutana na Sadyrbai, jirani yake, waliyekua pamoja na kupigwa pamoja na mwalimu mmoja.

"Aaa! Bibi harusi wetu!" Sadyrbai akavua kofia. "Umeolewa lini? Hata pilau hatukula!"

"Toka njiani, we mbuzi mzee."

"Mwanamume na mzegazega! Begaiym anakupigaje, bwana, kwa fimbo au kwa mwiko? Kitambaa chako cha kichwani kiko wapi?"

"Nitakuvua chako nikivae."

"Kaa nyumbani, Mamasaly, una mkwe. Watu watasema anakutesa."

"Yule wangu nilimkalisha nyumbani," Mamasaly akasema. "Ulikuja kumzika. Ulisahau?"

Sadyrbai akarudisha kofia kichwani, akapita.

Majira yote ya joto alipanda. Pumzi ikarudi, miguu ikakumbuka, akawa anapumzika mara moja tu. Huko njiani alikuwa anajipima: anataja majina ya watoto wa dada zake, vipuri vya injini ya trekta, wakuu wa wilaya wote saba tangu enzi za Wasovieti na alichokiharibu kila mmoja. Jina likipotea, alisimama na mzigo begani mpaka lirudi. Alikuwa akishindana na ugonjwa, na aliona anaushinda.

Umande wa barafu wa kwanza ulipoanguka mwezi wa kumi, akaziona nyayo.

Zilikuwa zinashuka kutoka chemchemini, juu ya nyasi nyeupe. Kando ya nyayo, huku na huku, palikuwa na mistari miwili ya matone yaliyoganda, kama mtu ametangulia na ndoo mbili zilizojaa. Mamasaly akainama. Kisigino cha kushoto kilikuwa na alama, umbo la jani.

Alipanda, akakuta jiwe la chemchemi limelowa, na maji bado yanatikisika. Aliporudi alikwenda moja kwa moja nyuma ya magunia. Viatu vilikuwepo, na utando wa buibui juu yake. Akauacha utando kama ulivyo.

Kesho yake nyayo zilikuwepo, na keshokutwa. Akaanza kutoka mapema zaidi, kabla jua halijagusa vilele, na bado zilikuwa zimemtangulia. "Leo umeniwahi tena," alikuwa akisema kwa sauti, akipanda kando ya njia ili asizikanyage. Alimweleza habari za Kubat, bei ya unga, barua aliyoandika tena wilayani. Na kilichokuwa kibaya zaidi ni kwamba alifurahi. Mke wake alikuwa anapanda. Asiyekaa hasahau, na asiyesahau siku moja atasimama pale jiweni, atageuka, atamtazama na kumjua. Hilo tu ndilo alilolitaka. Kifo cha Zuurakan hakikumuuma kama kuitwa bwana mkuu.

Nyumbani Begaiym alikuwa akimwangalia. "Baba, pipa limejaa," alisema.

"Maji hayaozi, mwanangu."

"Na beseni. Na sufuria zote. Baba, nimeyamwaga jana, leo yamejaa tena."

"Basi shukuru. Wenzako wanasukuma mikokoteni."

Mamasaly akamwita kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa. Akakuta kofia yake kwenye jiko la mkate, akamlaumu mbuzi. Begaiym akaikung'uta majivu. Miaka kumi na mitatu ndani ya nyumba ile hakuwahi kumbishia baba mkwe wake, wala kutamka jina lake, kama mkwe mwenye adabu asivyotakiwa kulitamka.

Siku moja mwezi wa kumi na moja, theluji nyepesi imeanguka, Mamasaly alitoka asubuhi na mzegazega wake akamkuta Begaiym amesimama langoni, amezuia njia kwa mikono yote miwili. Miguuni pake palikuwa na ndoo mbili, zimejaa mpaka ukingoni.

"Baba, unakwenda wapi?"

"Kuteka maji. Sogea."

"Umeshateka. Mara mbili tangu alfajiri. Ndoo hizi umeziweka wewe sasa hivi."

Mamasaly akacheka. Akainama sikioni pake, maana ni siri. "Si mimi. Ni mama yako. Huwa ananitangulia."

Begaiym akashusha macho mpaka chini. Akasema polepole, "Baba, tazama miguu yako."

Akatazama. Alikuwa amevaa viatu vya Zuurakan. Visigino vyake vikubwa vilikuwa vimevikanyaga nyuma vikabonyea, nyama imetokeza nje, ya bluu kwa baridi, na pembeni ya mguu wa kushoto ncha nyekundu ya kiraka ilikuwa imechomoza kama ulimi. Nyuma yake, kutoka mlangoni mpaka langoni, theluji ilikuwa imejaa alama za majani madogo madogo.

Kumbe kila asubuhi alikuwa akijifuata mwenyewe.

Akakaa chini pale pale langoni. Alijaribu kukumbuka alivitoa lini nyuma ya magunia. Aliukumbuka utando wa buibui, aliuona kabisa, siku ile ya nyayo za kwanza. Basi zile za kwanza zilikuwa za nani? Au utando ndio haukuwepo? Hakukuwa na mtu wa kumuuliza ila kichwa chake, na kichwa ndicho kilichokuwa kinashtakiwa.

Begaiym alipiga magoti, akamvua viatu, akaifunika miguu yake kwa shali lake. Akasema bila kuinua macho.

"Mama aliniomba ndoo."

"Nini?"

"Kila siku, baba. Miaka mitano, kabla hajaanza kupotea. Ukishatoka tu, ananifuata jikoni. Nipe moja, binti yangu, nusu tu, nifike kwenye ule mti wa mpopla wa mwisho nirudi. Nikamnyima. Nilikuwa bibi harusi, nilikuwa mgeni. Niliogopa utasema nimeletwa kumtumikisha mama yake Kubat. Niliogopa utasema mimi mvivu."

Mamasaly alimtafuta moyoni mkuu wa wilaya wa kumtupia neno hili. Alimtafuta yule wa kofia ya manyoya, na yule wa karatasi, na yule wa benchi. Wote walistahili, na Mungu anajua watalipwa. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia jikoni mle.

"Ningesema," akakiri. "Ningekusema mbele ya watu."

"Najua, baba."

Kulikuwa kumeshakucha sawasawa. Sadyrbai alipita barabarani na ng'ombe wake, akafungua mdomo kusema mzaha wake wa kila siku, akawaona walivyokaa, akaufunga.

"Daktari anarudi mwezi wa tatu," Begaiym akasema. "Nitakupeleka."

"Atanipa ile huenda yake."

"Basi tutaichukua."

Akaingia ndani, na Mamasaly akajua anachokwenda kukifanya: atauficha mzegazega, ataleta godoro la pili na mto, atamkalisha mkabala na mlango. Ndivyo mkwe mwema afanyavyo, na kijiji kizima kingemsifu. Akafumba macho. Alihisi mikono mabegani, akangoja isukume chini.

Haikusukuma. Begaiym alikuwa amemletea viatu vyake mwenyewe, vya kiume, vimepashwa moto jikoni. Akamvisha. Kisha akazimwaga zile ndoo mbili chini ya mti wa aprikoti, akazitundika tupu kwenye kulabu, akauinua mzegazega na kuuweka penyewe, kwenye shingo ya mzee.

"Twende," akasema. "Leo ninakufuata nyuma. Ukisahau njia, uliza."

Wakapanda. Theluji ilikuwa bado haijafuta alama za alfajiri, zinapanda na kushuka, zinapanda na kushuka. Mamasaly alitaja majina ya wakuu wa wilaya, akafika wa tano, akakwama, akasimama na ndoo zinaning'inia. La sita halikurudi. Kwenye mpopla wa mwisho, ule ambao Zuurakan aliomba kufika tu kisha arudi, aligeuka nyuma, macho yake mekundu kwa upepo.

"Begaiym," akasema, "kama tungemwachia mti wake, siku ile ya mwisho angeniita baba Kubat?"